Betri ina ngapi? Jinsi nilivyoifufua PSP niliyoiua mwenyewe

Kuna swali moja binamu yangu ananiuliza kila nikishika kitu chochote chenye umeme. Nikiapdeti simu, nikifungua laptopu kuongeza ramu, hata siku ile nabadilisha betri ya saa ya ukutani, lazima aulize. "Betri ina ngapi?" Halafu anacheka peke yake. Wengine wakiwepo hawaelewi kinachochekesha ni nini, mi naelewa vizuri sana, na leo nataka niwasimulie maana hatimaye hiyo kesi naona kama imefungwa.

Mwishoni mwa 2008 binamu aliniachia PSP yake, ile mashine ndogo ya Sony ya kuchezea magemu mkononi. Ile ya kwanza kabisa, PSP-1000, nene, nzito, ile ambayo ukiingiza diski ya UMD unasikia inakoroma kama mtu mwenye mafua. Yeye ni mkubwa kwangu, alikuwa anasafiri, akaniambia dogo tunza hii. Ilikuwa tayari ina kastomu fimwea, yaani mfumo wa ndani wa mashine uliorekebishwa na watu wasio wa Sony, ile ya kundi la M33, alishawekewa na rafiki yake. Mimi nikasoma soma nikaona kumbe imetoka mpya, 5.00 M33, nikajisemea akirudi atakuta kitu kimepanda daraja, atafurahi. Hakuna aliyeniomba. Naomba hilo lieleweke, hakuna hata mtu mmoja aliyeniomba.

Nikapanga mafaili kwenye folda ya UPDATE kama maelekezo yalivyosema, nikachomeka chaja, nikaanza. Sasa betri ya ile mashine ilikuwa na tabia ya kudanganya, inakuonyesha imejaa halafu ukichomoa chaja tu inaporomoka kama imesukumwa. Nilijua. Nikasema si chaja ipo bana. Asilimia zinapanda, ishirini, arobaini, nikasikia naitwa, nikainuka, mguu ukapita na waya. Kioo kikawa cheusi. Nikakaa chini taratibu kama mtu aliyevunja kikombe cha mgeni, nikarudisha chaja, nikasukuma swichi ya pembeni kwenda juu. Taa ya kijani ikawaka. Kioo hakikuonyesha kitu. Nikajaribu tena, taa, giza. Nimejaribu hivyo mpaka usiku, kana kwamba mara ya hamsini itabadili mawazo.

Wenyewe wanaita kubriki, yaani kifaa chako kimekuwa tofali. Na ukifikiria ni jina zuri tu, kina uzito uleule, kina umbo lilelile, ila sasa kazi yake ni kuzuia karatasi zisipeperuke.

Wengi wanaflashi vitu bila kuelewa ndani kunatokea nini, na mimi nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo nieleze kidogo. PSP ina memori yake ya ndani, kwenye ile nene ni megabaiti 32 tu. Imegawanywa vipande, kipande kinachoitwa flash0 ndicho kinakaa mfumo wenyewe, menyu, fonti, madereva, kila kitu, halafu flash1 inakaa seti zako, jina, lugha na kadhalika. Ukiflashi unafuta flash0 na kuandika upya. Kwa hiyo katikati ya kazi kuna dakika kadhaa ambazo kifaa hakina mfumo wa zamani wala hakijapata mpya. Ni kama umebomoa ngazi huku umesimama ghorofani. Umeme ukikatika hapo, mashine ikiwashwa inatafuta mahali pa kuanzia haipaoni. Kioo hakijafa na chipu hazijaungua, mashine ni nzima kabisa, imesahau tu kuwa yenyewe ni nani.

Binamu aliporudi nikampa na maelezo marefu sana. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. "Betri ilikuwa na ngapi?"

Basi. PSP ikaingia kwenye droo, ikakaa miaka.

Kabla sijafika kwenye ufufuo, kidogo historia, kwa sababu hii mashine ina hadithi tamu sana na vijana wengi wa siku hizi wanaijua kwa emuleta ya kwenye simu tu. PSP ilitoka Japani tarehe 12 Desemba 2004, na ile fimwea ya kwanza ya 1.00 ilikuwa haina hata mlinzi mlangoni, ilikuwa inakubali kuendesha programu ambayo haijasainiwa na Sony. Mashine zilizouzwa Marekani 2005 zikaja na 1.50, hapo mlinzi kawekwa. Watu wakatafuta njia. Njia ya kwanza ilikuwa vichekesho: unakuwa na memori kadi mbili, unaanzisha programu kwenye moja halafu unaichomoa fasta unachomeka nyingine, mashine ikija kuendelea inakuta mambo tofauti na yale iliyoyakagua. Nadhani ziliharibika kadi nyingi kipindi kile. Baadaye kidogo ikatoka ile ya folda mbili zenye jina moja, moja ina alama ya asilimia mwishoni, na kwenye menyu ungeona kitu kinaandikwa kimeharibika pembeni ya programu yako. Waliokuwepo wanakumbuka ile ikoni. Ilikuwa ndo alama ya mjanja.

Sony wakaleta 2.00 yenye brauza, wakaziba tundu. Watu wakagundua kwamba ukifungua picha ya aina ya TIFF iliyotengenezwa kwa hila, mashine inachanganyikiwa na inaendesha kodi iliyofichwa ndani ya picha. Wakaziba. Watu wakaja na GTA: Liberty City Stories, wanaweka seivu iliyochezewa, gemu ikiifungua tu, mlango wazi. Wakaziba. Mwaka 2007 ikawa zamu ya Lumines, gemu ya kupanga vitofali, ikaanza kununuliwa na watu ambao hata hawakuwa na mpango wa kuicheza, walikuwa wanataka ule ufa wake tu. Halafu kila mara dawa ilikuwa ileile, kuishusha mashine irudi 1.50. Maana yake ukitaka uhuru unakosa vitu vipya, na ukivitaka vitu vipya uhuru unauacha mlangoni.

Aliyebadilisha hayo ni mtu anayejulikana kwa jina la Dark_AleX. Mwaka 2006 akatoa 2.71 SE, na wazo lake lilikuwa rahisi kulisema ila gumu kulifanya: kwa nini tushushe? Tuchukue fimwea mpya ya Sony yenyewe, tuifungue, tutoe vizuizi, tuirudishe ndani. Yaani kastomu fimwea kwa maana tunayoijua leo, menyu ileile, kila kitu kilekile, ila ukiweka programu ya mtu haikuulizi cheti. Sony walipoweka uwezo wa kucheza magemu ya PlayStation ya kwanza kwenye 3.00, akatoa yake ambayo inakubali magemu uliyogeuza mwenyewe kutoka kwenye diski zako za PlayStation. Mi binafsi sijui kama kuna kampuni ilishawahi kuona kazi yake inaboreshwa kwa kasi vile na watu isiowalipa.

Halafu Agosti 2007 ikaja Pandora, na hii ndo inanihusu.

Mafundi wa Sony wenyewe walihitaji njia ya kufufua mashine zilizokufa. Kwa hiyo PSP ikiwekewa betri, kabla haijafanya lolote, inaisoma namba ya utambulisho (serial) iliyoandikwa kwenye kichipu kidogo kilicho ndani ya betri. Kila betri ina namba yake. Ila kama namba hiyo ni 0xFFFFFFFF, yaani F nane mfululizo, mashine inajua hapa niko kwa fundi, basi haigusi kabisa memori ya ndani, inaenda kuanzia kwenye memori kadi. Ndo hivyo tu. Ufunguo wa nyumba ulikuwa ndani ya betri muda wote. Watu wakagundua, wakawa wanaandika hizo F kwa programu kwenye PSP ambayo tayari imefunguliwa, na wengine wasio na PSP ya pili walikuwa wanapasua betri na kunyanyua mguu mmoja wa kile kichipu kwa wembe. Mi siwashauri wembe na betri ya lithiamu. Kuna mambo mengi ya kufanya maishani.

Na kifurushi kilichokuwa kinawekwa kwenye kadi hiyo jina lake ni Despertar del Cementerio, Kihispania, maana yake kuamka kwa makaburi. Nilipolisoma hilo jina nikaenda moja kwa moja kwenye droo.

Betri ya zamani niliikuta imevimba, kifuniko cha nyuma kimesukumwa kikapinda. Hapa naomba mnisikilize kama mna PSP kabatini, nendeni mkaitoe betri leo, hata kama hamna mpango nayo. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, usiichaji ujaribu kuona. Yangu niliitoa na kwenda kuikabidhi wanakopokea taka za umeme.

Rafiki yangu mmoja ana PSP-2000, ile nyembamba, ina kastomu fimwea tangu zamani. Tukatumia hiyo kugeuza betri yake kuwa Pandora, dakika moja tu, unachagua kwenye menyu, inaandika, basi. Sio betri zote zinakubali, zile za asili zilizotengenezwa baadaye zinagoma kuandikwa, yake ilikubali. Kadi pia tukatengeneza. Na hapa nilitaka kufanya kosa la pili la maisha yangu: nilikuwa nimeshika memori kadi ya binamu ya 2008, ile iliyokuwa ndani ya PSP siku inakufa, nikataka niitumie hiyohiyo. Kutengeneza kadi ya kufufulia kunaanza na kuifomati, halafu kodi ya kuanzia inaandikwa kwenye sekta za mwanzo kabisa, nje ya sehemu ya mafaili, ndo maana kukopi folda peke yake hakutoshi. Rafiki akaniuliza humo ndani kuna nini. Nikasema sijui. Akaninyang'anya, akaikopi yote kwenye kompyuta, akaiweka pembeni, akatoa yake. Watu kama hawa ndo wa kukaa nao.

Sasa betri ya PSP nyembamba ni nyembamba pia, inaingia kwenye ile nene na pini zinagusana ila inachezacheza. Tukakunja karatasi mara nne tukaisindilia. Kadi ndani kwanza, halafu betri. Na kwenye Pandora husukumi swichi, betri ikigusa tu mashine inajiwasha yenyewe. Nikaisukuma betri taratibu na kidole gumba, taa ya kijani ikawaka, ile taa niliyoitazama usiku kucha miaka ile, na moyo wangu ukafanya kile ulichofanya siku ile ile. Kioo cheusi. Sekunde moja. Mbili. Upande wa pili taa ya rangi ya chungwa ya memori kadi ikaanza kupepesa, pa, pa, papapa, kumaanisha kuna kitu kinasomwa, mtu yuko ndani! Halafu kioo kikawaka maandishi.

Nilipiga kelele. Rafiki hakupiga, alikuwa anashikilia ile karatasi.

Menyu yake haina mbwembwe, maandishi tu, bonyeza X kuweka 5.00 M33. Ndiyo, ileile. Ileile niliyokuwa naiweka siku nimeiua. Tukabonyeza X na kuanzia hapo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuinuka, kuitwa wala kupiga chafya, rafiki kashika betri mi nimeshika meza. Ikafomati flash0, ikafomati flash1, ikaandika mafaili, asilimia zikapanda ishirini, arobaini, nikatazama juu. Nilipotazama tena ilikuwa inasema imemaliza.

Kuna kitu kinawachanganya wengi hapo. Ukimaliza ukiiacha betri ya Pandora ndani, kila ukiwasha itarudi kwa fundi, utadhani haijapona. Toa betri. PSP inaweza kuwaka kwa chaja tupu bila betri kabisa, tukafanya hivyo, ikawaka, ikauliza lugha, ikauliza tarehe. Kwa sababu flash1 imefutwa haikumbuki chochote, inakusalimia kama mgeni.

Kutoka hapo mpaka kwenye fimwea ya kisasa ni kazi ndogo ila ina vipengele vya kuudhi, na kusema kweli ndo palinila muda kuliko kufufua. Fimwea rasmi ya mwisho ya Sony ni 6.61, ya 2015. Unaiweka kwanza hiyo, faili lake liitwe EBOOT.PBP kwa herufi kubwa, likae PSP/GAME/UPDATE. Apdeti ya Sony haikubali kuanza bila betri yenye chaji ya kutosha pamoja na chaja, na sasa nikaelewa kwa nini wana ukali huo. Nikanunua betri mpya. Ya kwanza niliyopata ilikuwa imeandikwa uwezo mkubwa sana kwenye lebo, mara mbili ya ile ya asili ya mAh 1800, na ilidumu kwa kiasi ambacho sitaki kukitaja. Lebo za betri zisizo za asili zichukulie kama utani.

Kadi nayo. Memory Stick Pro Duo ni kitu ambacho ni wachache wamebaki nacho, wengi tunatumia adapta inayobeba kadi ndogo za simu. Inafanya kazi vizuri, ila nilipoteza jioni nzima kwa sababu kadi yangu ilikuja imefomatiwa kwa mfumo ambao PSP haiujui, inataka FAT32. Unaweza ukafomati kwenye PSP yenyewe na ikakutengenezea folda zake humohumo, ungefanya hivyo tangu mwanzo usingekuwa unasoma makala hii kwa hasira.

Baada ya 6.61 nikaweka ARK-4, kastomu fimwea ya kisasa ambayo bado ina watu wanaoishughulikia. Folda moja inaenda kwenye SAVEDATA, nyingine kwenye GAME, unaiendesha, kioo kinapepesa kinarudi kwenye menyu ileile. Hakuna fataki. Mara ya kwanza unadhani haijakubali mpaka ubonyeze SELECT na kuona kimenyu kidogo kinachungulia. Muhimu kuelewa: kwa njia hii kastomu fimwea inakaa kwenye ramu, ukiilaza tu inabaki, ukiizima kabisa inaondoka na inabidi uiendeshe tena. Kwenye nene na baadhi ya nyembamba unaweza kuifanya ya kudumu kwa usalama zaidi, inaandika kwenye sehemu ya kuanzia ya mashine. Kwa nini baadhi? Kwa sababu Sony katikati ya safari walibadilisha ile kodi ya kwanza kabisa iliyochomwa ndani ya chipu, mashine nyembamba zenye bodi ya TA-088v3 na PSP-3000 zote, toleo lililofuata, haziwezi kuamshwa na Pandora hii ya kawaida. Kwa hiyo mwenye PSP-3000 akiniambia anataka kuandika kwenye flashi kwa kujaribu tu, namwambia aiache ikae kwenye ramu. Kubonyeza ikoni moja kila ukiwasha sio mateso.

Mi yangu niliifanya ya kudumu. Ndiyo. Chaja imechomekwa, waya nimeupitisha nyuma ya meza, nimekaa juu ya mkono wangu wa kulia.

Watu wanauliza sasa unafanyia nini. Kwanza UMD zangu, unaunga na waya wa USB, kwenye kile kimenyu cha SELECT unachagua kwamba kinachoonekana kwenye kompyuta kiwe diski ya UMD badala ya memori kadi, na gemu lako linatokea kama faili moja la ISO, unakopi unaliweka kwenye folda ya ISO. Basi, koroma imekwisha, na betri inadumu zaidi kwa sababu hakuna mota inayozungusha diski. Pili prosesa, ukitaka unaiambia iende megahezi 333, ambayo ndiyo uwezo wake halisi, magemu ya mwanzo yalikuwa yamefungiwa 222 ili kubana betri, kuna yaliyokuwa yanakwama kwama na sasa yanateleza. Magemu ya watu ya kudaunlodi huko sitayazungumzia, kila mtu na dhamira yake. Mi nina diski zangu kumi na moja na zinanitosha.

Ile kadi ya binamu niliirudisha ndani siku ya mwisho, baada ya kila kitu kutulia. Kuflashi hakugusi memori kadi, kwa hiyo mambo yake yote yalikuwepo. Nikaingia sehemu ya seivu. Kulikuwa na gemu ya mpira, katikati ya msimu, yuko nafasi ya pili amebakiza mechi sita, na tarehe ya seivu ni siku mbili kabla hajasafiri 2008.

Nikapiga picha kioo nikamtumia. Nikaandika, kaka, tazama nani ameamka.

Akakaa kimya muda mrefu, naona tu ameshasoma. Halafu ikaja: "Betri ina ngapi?"

Nikamjibu tisini na nne na chaja ipo.

Dakika kumi nyingine, nikajua yamekwisha, ikaja ya pili: "Huo msimu usiuguse. Nakuja Jumamosi."